Kumbe Hawasikii

Jumatatu, 3 Februari

Nimepwewa na sauti. Kabisa! Asubuhi nimefungua mdomo kuita mahudhurio ikatoka pumzi tu, kama tairi lililotoboka. Watoto sitini na wanne wakaangua kicheko. Hata mimi ningecheka, kama isingekuwa ni mimi.

Tabibu wa zahanati amenimulika kooni. Kauliza nafanya kazi gani. Nikamwandikia kwenye karatasi: mwalimu, darasa la tatu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Wiki mbili nisipaze sauti. Kunong'ona pia marufuku, eti kunachosha koo zaidi. Niseme chini, taratibu. Mimi! Mimi ambaye darasa la sita wanajua tumesoma nini leo bila kukanyaga darasani kwangu. Watoto wananiita Kengele. Wanadhani sijui.

Baba watoto amefurahi mno. Anasema hii ni likizo yake ya kwanza tangu tuoane. Nimemtupia kijiko. Kakidaka.

Jumanne, 4 Februari

Nimesema chini kama nilivyoagizwa. Ajabu—wamenyamaza! Shingo zote mbele kama bata. Kwa hiyo miaka kumi na tisa nimepiga kelele bure?

Lakini si wote. Nimesema, toeni madaftari ya imla. Wengi wametoa. Kuna waliobaki wananitazama tu, macho makavu, mpaka walipoona wenzao wanatoa ndipo nao wakatoa. Mmoja wa nyuma hakushtuka hadi alipopigwa kumbo. Wakaidi! Wameona sina sauti, wananijaribu.

Na Nakili, kama kawaida yake. Jicho kwenye daftari la jirani kabla sijamaliza sentensi. Hilo jina nilimpa mimi mwaka jana nilipokuwa nao darasa la pili—sasa nimepanda nao. Ni binti wa fundi cherehani aliye ng'ambo ya barabara. Hana kitu anachoandika bila kuchungulia. Leo nimemkomesha. Nimemweka dawati la pembeni, peke yake, kisha nikasoma imla. Sentensi tano. Tuone atachungulia ukuta.

Jumatano, 5 Februari

Siandiki haya kwa raha.

Nimesahihisha imla saa ya mapumziko. Sentensi yangu ya kwanza: Mkulima alipanda mahindi kabla ya mvua. Nakili kaandika: "Mama ana mashine mbili. Moja haina sindano." Ya pili yangu ilihusu watoto wanaovuka barabara. Yake: "Paka wetu hapendi uzi mwekundu." Na nyingine, na nyingine—zote za kwake! Nikachora sifuri kubwa kwa wino mwekundu. Imejaa ukurasa.

Halafu nikaisoma tena. Hakuna kosa la tahajia hata moja. Nukta zipo, herufi kubwa zipo. Mtoto mjinga haandiki hivi. Mkaidi, labda. Lakini ni mkaidi gani anayekaa akatunga kazi yote, akamaliza pamoja na wenzake?

Nikamwita mezani. Nilikuwa nimeinamia daftari, nikamuuliza mbona hakuandika nilichosema. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikainua uso nikauliza mara ya tatu, na hapo hapo akajibu, kwa adabu kabisa:

"Ulikuwa unaongea na ubao, mwalimu."

Kumbe ni kweli. Imla yote niliisoma huku natembea, mgongo kwao, naandika tarehe ubaoni.

Akasogea kuchukua daftari. Ndipo nikasikia harufu. Sikio la kushoto lina pamba ndani, imekuwa rangi ya chai. Nikamuuliza linauma? Kasema haliumi, linanuka tu, ndiyo maana hakai karibu na watu.

Simwiti Nakili tena. Hata humu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimempitia tabibu asubuhi. Hakuwa na muda lakini kanionyesha namna ya kupima bila mashine. Unasimama nyuma ya mtoto, urefu wa mkono. Unaziba mdomo wako asiusome. Yeye anaziba sikio moja kwa kidole. Unasema neno la kawaida kwa sauti ya chini, arudie. Unabadili sikio.

Sauti ya chini ninayo!

Nimewapima darasa zima, mmoja mmoja, kwenye stoo ya mipira, rejista mdomoni. Kuku. Meza. Maji. Wengi wamerudia huku wanacheka, wanaona ni mchezo. Mmoja kila neno kanijibu, "Ndiyo, mwalimu." Kuku—ndiyo, mwalimu. Meza—ndiyo, mwalimu. Nikaona nijitoe nje kidogo, nijifanye napanga madumu ya maji, wasinione uso.

Tisa! Watoto tisa hawasikii vizuri, na wanne kati yao usaha nimeuona kwa macho yangu. Mmoja kajaza karatasi ya daftari sikioni ili usichuruzike kwenye shati.

Hao tisa nawajua wote. Ndio wazembe wangu. Ndio vichwa vigumu. Nilipokuwa nikibweka kwa ile sauti yangu walikuwa wanashika nusu, nusu nyingine wanabahatisha. Kelele zangu ndizo zilizowaficha.

Ijumaa, 7 Februari

Mwalimu Mkuu kanisikiliza huku anapiga mihuri. Kasema watoto wote hutokwa usaha masikioni, ni ukuaji. Kasema wakaguzi wanakuja mwezi ujao, nisianze kutembeza habari kwamba shule ina viziwi. Kasema pia nipumzishe koo.

"Mwalimu mkuu, huyu binti wa fundi—"

"Yule? Yule anahama. Kamati ya tathmini inamwita tarehe tano Machi. Kuna shule yenye darasa la wazito wa kuelewa. Fomu ilishakwenda."

Kavuta jalada, kanionyesha nakala. Nimeitambua kabla sijaisoma. Mwandiko wangu! Mwezi wa kumi na moja, wiki ya kufunga shule, nilijaza fomu kama hizo sita kwa kikao kimoja huku nawaza likizo. "Hafuati maelekezo. Hajibu akiulizwa. Hutegemea kazi ya wengine. Mawazo yake yako mbali siku zote." Nakumbuka nilivyojiona mwandishi nilipofika kwenye mawazo kuwa mbali.

Barua iliyokwenda nyumbani ilinukuu maneno hayo, lakini ilisainiwa na Mkuu. Jina langu liko kwenye fomu tu.

Nimekula chakula cha mchana bila kujua nimekula nini.

Jumamosi, 8 Februari

Nimevuka barabara kwenda kwa fundi.

Kibanda kidogo, cherehani mbili, kitambaa kila mahali, redio juu. Hakusimamisha mashine. Kaniuliza kama nimekuja kumshtaki mtoto tena. Nikasema hapana, ni habari ya masikio.

"Sema kwa nguvu, mwalimu!"

Siwezi kusema kwa nguvu. Nikaonyesha koo. Akadhani nimekuja kushona kola. Tukaendelea hivyo hivyo, yeye anapaza, mimi natoa pumzi tu, mpaka akazima redio na kutoa mguu kwenye kanyagio. Kimya kikaja. Nikamweleza.

Anajua. Sikio linatoka usaha tangu mtoto ana miaka miwili. La kwake fundi mwenyewe lilitoka utotoni, likakauka lenyewe. Anamtia sikioni mafuta ya vuguvugu yenye kitunguu saumu kila Jumapili. Alishampeleka zahanati mara tatu, akapewa vidonge mara tatu, likakauka mara tatu, likarudi mara tatu. "Nifanye nini? Nilikate?"

Nikasema mtoto hasikii ndiyo maana anachungulia. Fundi akanitazama juu mpaka chini. Ana jicho la kupima watu, huyu mama.

"Mwaka jana uliniita ukaniambia ni mvivu. Mwezi wa kumi na moja ikaja barua, ni mzito wa kuelewa. Leo ni kiziwi. Mwakani atakuwa nini, mwalimu?"

Akanimiminia chai, akaendelea:

"Na huyo aliyewaandikia watu wa kamati maneno yale, siku nikimjua nitamshona mdomo. Mshono wa mara mbili, wa suruali ya kazi."

Akacheka. Mimi nikacheka pia. Nikacheka! Nikanywa chai yake yote, nikaaga, nikavuka barabara. Sikusema.

Jumatano, 12 Februari

Muuguzi wa masikio huja zahanati mara moja kila wiki mbili. Leo ndiyo siku yake. Niliwaandikia wazazi tisa. Wamekuja wanne. Mmoja kanijibu kupitia mtoto kwamba kwao hawana ukoo wa viziwi.

Fundi amekuja. Kafunga kibanda katikati ya wiki, na amenikumbusha hilo mara tatu njiani.

Kimulika sikio hakina betri. Muuguzi katafuta droo zote. Mwishowe kapanda kiti akachomoa betri za saa ya ukutani. Saa ikagoma saa nne na dakika ishirini, na tukakaa saa nne na dakika ishirini mpaka mchana. Kila aliyeingia alijiona amewahi.

Kwa binti wa fundi kachungulia sana. Ngoma ya sikio la kulia ina tundu dogo. Ya kushoto imetoboka vibaya, "kama dirisha lisilo na kioo". Fundi kauliza mafuta je. Muuguzi kaweka kimulika chini.

"Mama, mafuta hapana. Kitunguu hapana. Maji yasiingie, akioga azibe. Sikio bichi halishiki dawa. Kwanza likaushwe—kitambaa safi cha pamba, kisokotwe kama utambi, kiingizwe taratibu, kitolewe, kingine, mpaka kitoke kikavu. Ndipo matone. Mara tatu kwa siku. Wiki mbili, bila kuruka."

"Vidonge?"

"Vidonge ndivyo vilivyokurudisha hapa mara tatu."

Nikauliza kipimo cha usikivu, kile cha mashine. Hospitali kubwa. Nafasi ya karibu, Juni. Juni! Kamati ni Machi! Nikamwomba aandike cheti kwamba mtoto hasikii. Hawezi kuandika asichokipima. Anaweza kuandika alichokiona. Kaandika nusu ukurasa, mwandiko kama wa kuku anayekimbia, akapiga muhuri kichwa chini. Nimeuhifadhi kwenye biskuti—kopo la biskuti, namaanisha. Nimechoka.

Ijumaa, 14 Februari

Saa ya mapumziko: watoto wanne, benchi moja, tambi za kitambaa. Fundi ameleta mfuko wa vipande vya pamba nyeupe, amevikata sawasawa kwa mkasi, vimefuliwa na kupigwa pasi. Pasi! Kwa usaha!

Wanajisokotea wenyewe sasa. Wanashindana nani utambi wake umetoka mkavu. Mwalimu wa darasa la nne kapita akauliza saluni inafungwa saa ngapi. Ningekuwa na sauti ningemjibu.

Jumanne, 18 Februari

Leo nimetukanwa na mzazi hadharani. Baba wa yule wa "ndiyo, mwalimu". Hakuja zahanati, hakujibu barua, lakini kapata muda wa kuja kuuliza nani kampa mtoto wake jina la kiziwi uwanjani. Nikamwambia mimi sijampa jina mtoto wako.

Nimesema hivyo. Mimi.

Mkuu katoka ofisini. Amri: tambi marufuku ndani ya shule, mwalimu si daktari, ajali ikitokea nani atajibu. Basi! Siku ya sita ya dawa, kati ya kumi na nne!

Fundi kasikia kelele kutoka ng'ambo. Kavuka na mkasi mkononi—alikuwa anakata kitambaa, kasahau kuuweka—na yule baba akapunguza sauti ghafla. Fundi kasema watoto waje kwake saa ya mapumziko, kibanda chake si shule, na Mkuu hana amri upande ule wa barabara. Kwa hiyo sasa nawavusha, wawili wawili, nawarudisha. Chai yangu inapoa mezani kila siku.

Jumatatu, 24 Februari

Sauti imerudi. Nimeijaribu bafuni. Baba watoto kasema kutoka chumbani kwamba likizo imekwisha.

Darasani nimeiacha chini. Si rahisi! Naandika, nanyamaza, nageuka, ndipo nasema. Nageuka mara mia kwa siku, kiuno kinaniuma. Wale tisa nimewaleta mbele. Sasa mama mmoja kalalamika kwa nini wake kapelekwa nyuma, yeye ana makosa gani? Hana kosa, ana masikio! Kanitazama kama nimemtukana.

Imla ya leo. Binti wa fundi: nne kati ya tano. Ile moja nilikohoa katikati. Kaandika, "Mwalimu amekohoa."

Nimempa tano.

Jumatano, 26 Februari

Muuguzi tena. Betri zake mwenyewe safari hii, kanionyesha kwa fahari. Sikio la kulia kavu. La kushoto karibu. Wale wengine watatu, wawili wamekauka, mmoja alikwenda kuogelea mtoni na mambo yameanza upya.

Fundi kauliza sasa atasikia? Muuguzi hakumficha. Kukauka si kuziba. Matundu yapo. La kulia huenda likajifunga lenyewe, la kushoto pengine litahitaji kushonwa hospitali akikua kidogo.

"Kushonwa," fundi kasema. Halafu kauliza hutumia uzi gani.

Njiani kaniambia yuko tayari kwa kamati. Atavaa gauni la kijani. Kaniuliza kama yule aliyeandika maneno yale atakuwepo. Nikasema sijui. Mwalimu mzima, mchana kweupe, nikasema sijui.

Alhamisi, 27 Februari

Nimemwomba Mkuu aiondoe fomu. Kasema maji yakimwagika hayazoleki. Nimeomba aandike barua ya kusahihisha. Kasema atakayesahihisha ni aliyekosea.

"Nenda ukawaambie mwenyewe uliandika usichokijua."

Mara ya kwanza mwaka huu amesema kitu cha maana, na kwa nini iwe hicho? Nimepiga mlango kwa nguvu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga kwenye bahasha: daftari la imla, lenye sifuri yangu kubwa na yote. Nusu ukurasa wa muuguzi. Majina ya tisa—hapana, hayo nimeyatoa, si yangu kuyatembeza.

Nilitaka kwenda kwa fundi jioni nimwambie. Nikafika mlangoni. Alikuwa anapindisha gauni la kijani, binti amekaa miguuni pake, anamsomea gazeti la zamani la kufungia vitambaa kwa sauti kubwa, bila kusita. Fundi kaniona, kanipungia sindano, karibu mwalimu.

Nikasema napita tu.

Jumatano, 5 Machi

Saa tano. Naandika kwenye benchi, kwenye ukumbi wa ofisi ya elimu, nyuma ya bahasha, kwa sababu daftari langu hili limebaki mle ndani, mkobani. Nitanakili baadaye.

Tumeingia saa tatu. Watu watatu mezani, mwenyekiti mwanamke mwenye miwani. Wametuweka sisi wakubwa nyuma ya mtoto. Mwenyekiti kaanza kumuuliza maswali akiwa ameinamia karatasi zake. Unaitwa nani. Una miaka mingapi. Kimya. Akaandika kitu. Taja siku za wiki. Kimya. Akaandika tena. Naona kalamu inakwenda, najua inaandika nini, mimi ndiye niliyeanza kuyaandika!

Fundi kasimama kabla yangu. "Mheshimiwa, inua uso!"

Mwenyekiti kainua uso kwa mshangao. "Unasema?"

"Hivyo hivyo. Sasa muulize tena."

Akauliza tena. Mtoto akataja siku saba, akaongeza na miezi, akaanza kutaja walimu wote wa shule mpaka akaambiwa inatosha. Nikatoa bahasha. Wameisoma barua ya muuguzi, wameigeuza kwa sababu ya muhuri. Wamesoma paka na uzi mwekundu. Mmoja kacheka, kamwonyesha mwenzake. Nikaona jambo linakwisha. Nikaona nitatoka humu bila hata kuguswa.

Kisha mwenyekiti kashika fomu. Kavua miwani.

"Hajibu akiulizwa. Mawazo yake yako mbali. Nani alijaza hii?"

Angeweza kusoma jina pale chini. Hakusoma. Kauliza tu, anatuangalia wote wawili.

Nimesema, "Mimi."

Haikutoka vizuri. Kasema hajasikia, niseme tena. Nikasema tena, kwa sauti yangu yote. Nadhani hadi barabarani wamesikia.

Fundi hakunitazama. Alikuwa anaangalia pindo la gauni lake.

Wametutoa nje, wajadiliane. Dakika ishirini sasa. Benchi ni moja tu. Fundi upande ule, mimi upande huu, mtoto katikati. Nimesema samahani. Sijui kama nimesema kwa sauti au moyoni tu, maana hakuna aliyegeuka.

Binti ananitazama mdomo. Anamtazama mama yake mdomo. Ananitazama tena. Anadhani tunaongea, yeye ndiye hasikii. Amesogeza kichwa mbele, amegeuza lile sikio la kulia, lililokauka, na anasubiri—